Jaketi la Mbayuwayu

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimeshika kitasa cha mlango wa Mwalimu Mkuu. Wapo walioniuliza kwa nini sikugeuka nikaondoka zangu. Ndugu zangu, ningeondokaje? Mwanangu alikuwa ndani, na nilimsikia analia.

Kwa unayeanza kunisoma leo, nakupa kwa ufupi. Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa kiwandani, kiwanda kikafungwa. Mume wangu, fundi rangi, alitoka asubuhi moja akasema anakwenda kuangalia kazi. Akaiangalia miaka minne. Nikabaki na binti mmoja, tunamwita Nukta, kwa sababu alizaliwa mdogo hata bibi yake akauliza kama ndiye mtoto mwenyewe au ni nukta tu.

Nikapata kibarua kwenye chumba nyuma ya ghala. Wanawake kumi na mmoja, cherehani kumi na moja, dirisha moja. Tunashona nguo za kawaida, kisha tunazibandika lebo za kampuni kubwa. Feki, kwa lugha ya mtaani. Nukta alijua mama anashona. Anashona nini, hilo hakulijua; hata akiniletea chakula, aliishia mlangoni.

Kisha siku moja mtoto akarudi kutoka shule amevaa jaketi la Mbayuwayu, kampuni ya nguo za bei kali. Jeusi, zipu ya rangi ya fedha, na kale kandege keupe kametariziwa kifuani.

"Baba karudi mjini," akaniambia. "Alinisubiri nje ya geti. Kaniletea."

Mimi sikumwona huyo baba. Jirani hakumwona. Mlinzi wa geti nilimuuliza kijanja, naye hakumwona.

Sasa sikieni dhambi yangu. Mimi, ambaye nikiketi karibu na mtu yeyote macho yangu hukimbilia mishono ya nguo yake, jaketi la mwanangu sikuligeuza. Wiki tatu nililifua kwa nje, nikalianika kwa nje, nikalikunja nikitazama ukutani. Niliogopa. Likiwa feki, mtoto atachekwa. Na likiwa orijino, je? Limetoka wapi?

Basi nikafungua mlango.

Mwalimu Mkuu alikuwa nyuma ya meza yake. Pembeni ameketi mama mmoja mrefu, daktari wa meno, mwenye sauti ya chini ya mtu aliyezoea kuwaambia wenzake wafungue vinywa. Nukta amesimama kando ya kabati la mafaili, pua inamtiririka. Jaketi liko mezani, limekunjwa vizuri, kama maiti ya mtu mwenye heshima.

"Mama Nukta, karibu, kaa," akasema Mwalimu Mkuu.

"Nitasimama tu, Mwalimu."

Daktari akanigeukia. "Mama mwenzangu, sijaja kugombana. Jaketi la binti yangu limepotea wiki tatu sasa. Wiki ileile mwanao akaanza kuvaa hili. La kwangu nililinunua duka la Mbayuwayu lenyewe, na mjini hapa liko moja tu. Kama hili ni la kuigiza, nimekosea na nitaomba radhi mbele ya darasa zima. Kama ni orijino, basi tuambizane."

"Baba kanipa!" Nukta akapaza sauti. "Nimesema mara ngapi? Baba kanipa!"

"Huyo baba ana simu?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Hana. Anakaa kule wanakoziba matairi. Anapaka rangi."

Mwalimu Mkuu akaniangalia juu ya miwani. "Mama, wewe umemwona mzee wake tangu arudi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja tu.

"Sijamwona," nikajibu.

Nukta akageuza shingo taratibu, akanitazama. Jicho lile bado liko nami.

Nilipoona Daktari anavuta pumzi aseme, nikamwahi. "Jaketi hili ni feki."

"Hata hujaligusa," akasema.

"Sina haja ya kuligusa. Sisi ndio tunayashona."

Nikamwaga yote. Chumba nyuma ya ghala, lebo zinazokuja kwenye mifuko ya unga, kandege tunakotarizi kwa mashine moja mbovu inayokata uzi kila baada ya mabawa mawili. Nilikuwa kama mtu aliyefunguliwa bomba. Nikawaeleza kwamba lebo ya orijino ncha zake huingizwa ndani ya mshono wa ukosi kabla ukosi haujafungwa, huwezi kuitoa bila kufumua. Ya kwetu huja baadaye, inapigwa juu, mshono pembe zote nne. Ya orijino ina namba iliyofumwa humohumo, yetu haina. Nilijikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, na nilifurahi, kwa sababu kila neno lilikuwa linamtoa mwanangu kwenye wizi.

"Tuonyeshe," akasema Mwalimu Mkuu.

Nikalichukua. Nikaligeuza.

Lebo ilikuwa imeingia mshononi. Ncha zote mbili zimemezwa na ukosi. Chini yake namba, zimefumwa ndogondogo, safi kama meno ya mtoto. Mishono ya ndani imenyooka hata ungeiwekea rula. Mikono yangu ilijua kabla ya macho. Kitambaa kile si chetu. Uzi ule si wetu. Jaketi lilikuwa orijino, orijino kabisa.

Nikafikiri jambo moja tu: kaiba. Nukta wangu kaiba, na baba hayupo, na hajawahi kurudi.

Nikaweka kidole gumba juu ya zile namba.

"Mnaona?" nikasema. "Pembe nne. Kazi yetu hii."

Daktari aliinama kidogo, akainuka. "Mimi mwenzenu najua meno tu," akasema. Uso ukamlegea. Akamwendea Nukta, akamshika bega. "Nisamehe, mwanangu. Nimekutia aibu bure."

Nilidhani tumepona. Kumbe bado.

"Lakini darasa zima limeshasikia," Daktari akaendelea. "Nisingependa mtoto abaki na doa. Jumatatu nitamwomba mwenye duka afike hapa, alitazame, atamke yeye mwenyewe kwamba si lake. Tumalize kwa heri."

"Wazo zuri," akasema Mwalimu Mkuu. "Mama Nukta, Jumatatu njooni nalo." Kisha akavua miwani, akaanza kuisugua. "Na hayo mengine ya lebo na mifuko ya unga, mimi sikuyasikia. Nilikuwa nasahihisha madaftari."

Mungu ambariki mwalimu yule.

Njiani Nukta hakulivaa jaketi. Alilishika kwa vidole viwili, mbali na mwili.

"Kwa hiyo baba kaniletea feki," akasema.

"Mwanangu, feki nayo ni nguo. Inakinga baridi."

"Aliniambia ni orijino. Alisema nisimkubalie mtu yeyote akiniambia siyo."

Nikahamisha mkoba bega la pili.

"Na wewe unashona feki."

"Ndiyo."

"Ile ada yangu. Ile sare. Zote ni za feki."

"Ndiyo, mama." Mtoto ukimwita mama, ujue umeishiwa.

Hakulia. Angalau angelia. Alitembea mbele yangu hatua kumi, na hatua zile kumi hakuzipunguza mpaka mlangoni kwetu.

Hesabu yangu ilikuwa hii: mwenye duka hataona kidole gumba changu. Ataona lebo yake, atasoma namba yake, na mwanangu ataitwa mwizi mara ya pili, na mimi mwongo. Kama jaketi halitakuwa feki Jumatatu, tumekwisha.

Basi nikaamua liwe feki.

Jumamosi asubuhi Nukta alikwenda kusukwa kwa jirani, kazi ya saa tatu nzima. Nikalitandika jaketi kitandani. Nikachukua wembe, nikafumua ukosi uzi mmoja mmoja, polepole, nisijeruhi kitambaa. Lebo ikatoka. Nikafunga ukosi kwa cherehani yangu ya nyumbani. Kisha kutoka kwenye kopo la mabaki ya kazi nikatoa lebo yetu moja, nikaipiga juu, pembe nne.

Nilifanya kazi nzuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Miaka mingi mikono hii hugeuza kitu cha uongo kionekane cha kweli. Siku ile ilichukua kitu cha kweli ikakifanya uongo, na haikutetemeka hata kidogo.

Ile lebo halisi niliitia jikoni kwenye makaa. Ilijikunja, ikatoa harufu kama nywele zinazoungua, ikaisha.

Nukta akarudi na mistari yake mipya kichwani. Akaliona jaketi juu ya kiti. Akaligeuza, akainua ukosi, akazihesabu pembe kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne.

"Pembe nne," akasema. "Kama ulivyosema."

Nadhani mpaka dakika ile alikuwa bado ana tumaini. Alikuwa na tumaini kwamba nimesema uongo.

Akalikunja, akaliweka kwapani, akatoka. Nikamwita, hakugeuka. Nikajiambia anakwenda kulitupa, na moyoni nikasema heri alitupe, lakini Jumatatu nitapeleka nini?

Alirudi jioni, jua halijazama, mikono mitupu.

"Jaketi liko wapi?"

"Nimemrudishia mwenyewe."

"Umelipeleka kwa Daktari?"

"Kwa Daktari kufanya nini? Nimempelekea baba. Nikamtupia. Nikamwambia yeye ni baba feki, akae na jaketi lake feki."

Nikakaa.

"Kumbe yupo," nikasema. Ilinitoka tu. Laiti ningeweza kuirudisha.

Nukta aliyekuwa anavua viatu akaacha kimoja mguuni. "Yupo nani?"

Nikashika sufuria.

"Mama. Kwani ulidhani hayupo?"

Nikasema kichwa kinaniuma. Nikasema nipishe nipike. Nikasema kila kitu isipokuwa jibu.

Baba yake alikuja Jumapili, saa sita mchana, mvua imekatika kidogo. Alipiga hodi mlango ukiwa wazi. Nilimtambua kwa kikohozi kabla sijamwona. Alikuwa amekonda, rangi nyeupe imemwingia kwenye kucha na nyusi, utadhani amezeeka upande mmoja tu.

"Karibu," nikasema.

"Sitakaa." Akabaki kizingitini. Nukta alikuwa kitandani nyuma ya pazia, na pazia likaacha kutikisika. "Sikuja kuomba nirudi. Najua nilichofanya. Nimekuja kwa jambo la jaketi."

"Baba Nukta, yaishe."

"Hayaishi." Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye muhuri wa bluu. "Nimelipaka rangi duka la Mbayuwayu miezi miwili. Chini mpaka juu, na bango. Bosi alipotaka kunilipa ya mwisho, nikamwambia nipe jaketi moja la mtoto badala yake. Akanipa kwa mkono wake. Hii ndiyo risiti. Hapa, soma, namba ya jaketi."

Nilisoma. Namba ile nilikuwa nimeifunika kwa kidole gumba Ijumaa.

"Nilisema mwanangu sitamrudia mikono mitupu," akaendelea, "wala sitamrudia na kitu cha uongo. Uongo nimeshampa wa kutosha. Jana kaja kanitupia usoni. Kaniambia neno ambalo..." Akakohoa. "Nikaligeuza. Kweli, lebo imebandikwa ovyo, namba haipo. Nikasema, basi, bosi kanichezea. Miezi miwili juu ya ngazi, kanichezea."

"Liko wapi sasa?" nikauliza.

"Nimelipeleka kwake asubuhi hii. Nikamwambia, mzee, mbona umenitenda hivi? Akalichukua, akaligeuza, akakagua ukosi. Akaniuliza nani amelishika. Nikamwambia binti yangu tu, na mama yake. Akaniuliza mama yake hufanya kazi gani. Nikasema fundi." Akanitazama. "Hakunirudishia. Alisema kesho ana wito shuleni kwa jambo kama hilihili, atakuja nalo."

Sikuwa na pa kushika. Nilitazama jiko, makaa ya jana yamekuwa majivu. Nikafikiri: nikinyamaza, mtu huyu atakwenda kupigania haki yake kwa bosi, atafukuzwa, ataitwa mwongo, na safari hii atakuwa amesema kweli.

"Bosi hakukuchezea," nikasema. "Lilikuwa orijino. Lebo nimeing'oa mimi."

Nikaeleza yote. Nilikuwa namwambia yeye, lakini najua nilikuwa naliambia pazia.

Pazia likafunguka.

"Ijumaa," Nukta akasema, "ulipoligeuza pale ofisini, uliona ni orijino?"

"Niliogopa, mwanangu."

"Sijakuuliza kama uliogopa. Uliona ni orijino?"

"Niliona."

"Ukajua nimeiba."

Baba yake akasema, "Nukta, taratibu na mama yako."

"Namuuliza tu, baba."

Ningeweza kumwambia mtoto nilichanganyikiwa. Ningeweza kusema shetani alinipitia, watu wote husema hivyo. "Ndiyo," nikajibu. "Nilijua umeiba. Nikakuficha."

Aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi aliyeelewa hesabu ngumu. Akarudi nyuma ya pazia. Hakulivuta kwa nguvu. Alilifunga polepole mpaka pete ya mwisho.

Baba yake akaketi chini palepale kizingitini, yeye aliyesema hatakaa. "Na mimi?" akauliza. "Mimi ulidhani nini?"

"Nilidhani hukurudi. Nilidhani amekutunga."

Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Siwezi kukulaumu," akasema. "Mimi ndiye niliyekufundisha hivyo."

Tulikubaliana tuende sote watatu Jumatatu, na risiti mkononi. Bosi anamjua, atasema kweli, mtoto atasafishwa. Kuhusu lebo, nitasema niliitoa kwa wasiwasi wa mzazi. Nilijaribu kuamini kwamba itatosha. Bi Vifungo, mwenzangu wa cherehani ya pembeni, mjane aliyenipokea kiwanda kilipofungwa na kunigawia chakula chake wiki nzima, huniambia sura yangu haijui kusema uongo. Hajaniona nikiwa na kidole gumba juu ya lebo.

Jumatatu saa mbili tulikuwa mlangoni kwa Mwalimu Mkuu.

Mezani palikuwa na majaketi mawili.

Daktari akasimama akanishika mikono yote miwili. Macho yalikuwa mekundu. "Mama mwenzangu, sijui niseme nini. La binti yangu limepatikana. Lilikuwa kabati la vifaa vya michezo, chini ya nyavu. Lilipatikana tangu Ijumaa jioni, nusu saa tu baada ya ninyi kuondoka. Nilitaka nikupigie palepale, namba yako nikawa sina, na ofisi imeshafungwa."

Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi mimi nimekaa kitandani na wembe.

Nilibaki nimesimama kama sanamu ya dukani.

Mwenye duka alikuwa mzee wa makamo, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Alimwona fundi rangi wake akampa mkono. Kisha akamgeukia Nukta.

"Binti, sikiliza. Jaketi hili nimempa baba yako mimi, kwa mkono huu. Lilikuwa orijino. Baba yako alikataa malipo yake ili alipate. Asikwambie mtu vingine."

Nukta akamtazama baba yake. Sikuwa nimeuona uso ule tangu akiwa na miaka tisa. Alinyoosha mkono, akalishika shati la baba yake kwenye kiwiko, pale penye rangi iliyokauka, akalishikilia.

Mwalimu Mkuu akasema, "Basi, tunamshukuru Mungu, yameisha."

"Ya mtoto yameisha," akasema mwenye duka.

Akaligeuza jaketi, akainua ukosi, akagonga lebo kwa kalamu. "Hii siyo yangu. Lebo hizi nazitafuta tangu mwaka jana. Nilikuwa na duka la pili, nimelifunga kwa sababu ya hizi. Vijana wangu sita wako nyumbani." Hakupandisha sauti. "Uzi huu, pembe hizi nne, nazijua kama sahihi yangu. Mama, Daktari amenieleza ulichosema hapa Ijumaa."

Daktari akainamisha kichwa. "Lilipopatikana la binti yangu, nilidhani ni hadithi ya kumtetea mtoto," akanong'ona. "Nilimsimulia kama jambo la kuchekesha."

Baba yake Nukta akajaribu. "Mzee, huyu ni mama mtu, aliogopa tu..."

"Fundi, wewe sina neno na wewe. Mama, nje kuna gari. Ndani ya gari kuna watu wawili wa serikali. Nionyeshe hicho chumba, jina lako sitalitaja popote, na mwanao atasoma kwa amani. Usiponionyesha, nitaanza na wewe, na ushahidi wangu ni huu hapa mezani, kazi ya mkono wako."

Niliwaona wote kumi. Nilimwona Bi Vifungo ameinamia taa yake, wajukuu wanne wanamngoja nyumbani. Saa kama ile wanakuwa wameshaweka chai juu ya pasi ipate moto, wanacheka. Mlango ni mmoja tu. Dirisha lina nondo.

"Sijui unazungumzia chumba gani," nikasema.

"Ijumaa ulikijua."

"Ijumaa nilisema uongo. Kila mtu hapa anajua mimi ni mwongo."

Mwalimu Mkuu alikuwa anatazama dirishani. Mwenye duka akaniangalia, akaifunga kalamu yake, akaiweka mfukoni. Nikadhani ameshindwa. Kumbe alikuwa anamgeukia Nukta, akiinama kidogo ili macho yao yalingane.

"Binti," akasema kwa upole, "siku za likizo, mama akiwa kazini, nani humpelekea chakula cha mchana?"

"Mimi," Nukta akajibu. Alijibu haraka, kama anavyojibiwa mtu mzima aliyeuliza kwa adabu. Kisha nikaona anaelewa alichojibu.

"Basi unapajua."

Mkono wake ukaachia shati la baba yake. Mtoto aliyeniambia ukweli wiki tatu mfululizo nisimwamini hata siku moja, akageuka akaniangalia. Hakuwa analia. Alinikazia macho yale ya Ijumaa, akangoja nimwonyeshe, kwa jicho au kwa kichwa, kama leo aseme kweli au aseme uongo.